Rilei: swichi ndogo inavyowasha pampu kubwa

Anayetaka kuwasha na kuzima pampu ya umeme ya gari kwa mkono huiona njia ya mkato mara moja: achukue moto kwenye betri, aupitishe kwenye swichi ya dashibodi, aupeleke mpaka kwenye pampu. Pampu itazunguka, kweli. Lakini mzigo wake wote utakuwa unapita kwenye kiswichi cha kidole na kwenye waya uliozunguka gari zima. Swichi itapata joto, plastiki yake italainika, na siku moja itagoma, au mbaya zaidi, itaganda ikiwa imewaka. Rilei huwekwa ili hilo lisitokee.

Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kipande cha chuma. Umeme ukipita humo, chuma kinakuwa sumaku, kinavuta bamba dogo, na bamba hilo linakutanisha ncha mbili nene. Unasikia “tak”. Umeme ukikatwa, springi inalirudisha bamba mahali pake. Koili ya volti 12 hula kama amperi 0.2 tu, ilhali pampu ya mafuta ya gari la injekta mara nyingi hula amperi 4 hadi 8. Swichi yako inabeba amri. Mzigo unabebwa na rilei.

Miguu yake ina namba. 30 hupokea moto wa betri kupitia fyuzi, na 87 huupeleka kwenye pampu. 85 na 86 ni ncha mbili za koili: 86 hupewa moto kutoka kwenye swichi, 85 huenda ethi, yaani kwenye bodi ya gari iliyounganishwa na ncha hasi ya betri. Ukikuta mguu wa tano, 87a, huo umeungana na 30 wakati rilei imelala; kwa kazi hii uache bila waya. Wengi huuchanganya na 87, kisha wanashangaa pampu inazunguka swichi ikiwa imezimwa.

Waya nao una sauti yake. Mita 5 za waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, zikipitisha amperi 8, hupoteza takriban volti 1 njiani. Wa milimita za mraba 2.5 hupoteza kama 0.3. Pampu inayokosa volti hupunguza mgandamizo wa mafuta, na injini inaishiwa nguvu hasa inapopanda mlima. Kwa hiyo rilei ikae karibu na betri au karibu na pampu, njia ya mzigo iwe fupi na nene. Waya mwembamba na mrefu uachiwe swichi. Fyuzi iwekwe jirani kabisa na betri, kwa sababu inaulinda waya: kipande chochote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Kuna jambo moja ambalo naomba lisipuuzwe. Kwenye magari mengi ya injekta, ukiwasha ufunguo, pampu ya mafuta huzunguka sekunde chache tu kisha husimama mpaka kompyuta ihisi injini inazunguka. Injini ikizimika, pampu inakatwa. Gari likigongwa na bomba kupasuka, mpango huo ndio unaozuia petroli isiendelee kumwagwa kwenye injini ya moto. Swichi iliyounganishwa moja kwa moja na betri inauondoa ulinzi huo wote. Kama lengo ni kumzuia mwizi, katisha njia ya koili ya rilei ya kiwandani na uweke swichi hapo. Swichi ya namna hiyo inaweza kuinyima pampu moto, lakini haiwezi kuilazimisha kuzunguka. Kwa gari la kabureta lililofungwa pampu ya umeme, moto wa 86 utoke kwenye ufunguo na upitie swichi inayokata gari linapogongwa, au ile ya mgandamizo wa oili, inayokata oili ikikosa mgandamizo kwa sababu injini imezimika.

Pampu ya maji haina hatari hiyo. Ukiisahau imewaka, utakuta betri imekwisha.

Koili inapozimwa hurusha volti nyingi ghafla, kiasi cha kudhuru vifaa vya elektroniki vilivyo karibu. Chagua rilei yenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na ufuate mchoro wa kwenye ganda lake: hapo moto na ethi za koili hazibadilishani nafasi.

Ukimaliza, pima volti kwenye betri na kwenye plagi ya pampu, pampu ikiwa inazunguka. Tofauti ikizidi nusu volti, anza na ethi: fungua boliti, kwangua rangi mpaka uone chuma kitupu, kaza, pima tena.