Maana ya I.Ae. na IA katika majina ya ndege za Argentina

Jina kama "I.Ae. 33 Pulqui II" limebeba vitu vitatu: herufi, namba na neno ambalo hata Mhispania huenda asilielewe. Herufi zinataja taasisi iliyobuni ndege. Namba inataja mchoro. Neno la mwisho, mara nyingi, limechukuliwa kwenye lugha za wenyeji wa Amerika Kusini. Wengi hupotea kwenye namba, kwa hiyo hiyo nitaiweka mwisho.

Herufi zinaanzia mjini Córdoba, katikati ya Argentina, ambako serikali ilifungua kiwanda cha ndege cha jeshi Oktoba 1927. Mwanzoni mafundi wake waliunda ndege za wenzao kwa leseni, ikiwemo Avro 504 ya Uingereza. Walipoanza kutoa ndege za kwao miaka ya 1930, waliziita kwa kazi zake: Ae. C. ni ya kiraia, Ae. M.B. ni ya kijeshi ya kudondosha mabomu, Ae. T. ni ya usafirishaji. Mfumo mzuri ule, kwani jina lenyewe lilitosha kukwambia ndege inabeba abiria au mabomu. Mwaka 1943 kiwanda kikapewa jina la Instituto Aerotécnico, yaani Taasisi ya Ufundi wa Anga, na hapo ndipo zilipozaliwa herufi I.Ae. Kiwanda kiliendelea kubadilishwa majina kila serikali ilipobadilika, lakini herufi ziliganda. Zilichopoteza ni nukta tu na herufi moja, ikabaki IA. Ndege ya kivita na ya mizigo zikawa zinaitwa vivyo hivyo.

Neno la mwisho ndilo linalopendeza zaidi. Pulqui ni mshale kwa lugha ya Wamapuche. Calquin na Ñancú ni ndege wa jamii ya tai, kwa lugha hiyohiyo. Pucará ni ngome ya mawe ya watu wa milima ya Andes. Guaraní ni jina la watu na lugha yao.

Sasa namba. Namba ya IA inahesabu mawazo yaliyochorwa, haihesabu ndege zilizoingia kazini. I.Ae. 24 Calquin, ya mbao na injini mbili, iliruka 1946 na zikaundwa zipatazo 100. I.Ae. 30 Ñancú, ndege ya kivita ya pangaboi iliyobuniwa na Mwitaliano Cesare Pallavicino, iliruka 1948 na kuwashangaza watu kwa kasi yake. Ikaishia ndege moja ya majaribio. Kwenye orodha zote mbili zina namba, na anayesoma orodha tu atadhani zilikuwa sawa.

Kilichoiua Ñancú ni jeti. Argentina ilikuwa imeagiza jeti 100 aina ya Gloster Meteor kutoka Uingereza mwaka 1947, na mwaka huohuo, tarehe 9 Agosti, ikarusha jeti yake yenyewe, I.Ae. 27 Pulqui, ya kwanza kuundwa Amerika ya Kusini. Aliyeongoza ubunifu wake alikuwa Mfaransa Émile Dewoitine, aliyekimbia kwao akituhumiwa kushirikiana na Wajerumani wakati wa vita. Injini ilikuwa ya Rolls-Royce. Mafuta yalikaa kwenye mabawa peke yake, hivyo haikuweza kwenda mbali, na mwendo wake haukufikia matarajio. Nayo ikabaki moja.

Kisha akaja Kurt Tank, Mjerumani aliyebuni Focke-Wulf Fw 190. Aliingia Argentina kwa hati zenye jina la Pedro Matthies, akifuatwa na kundi la wahandisi wake. Walichokizaa ni I.Ae. 33 Pulqui II, jeti yenye mabawa yaliyolala nyuma, iliyorushwa kwa injini Juni 1950. Februari 1951 ilionyeshwa Buenos Aires mbele ya Rais Juan Perón, na kwa muda ilionekana nchi imeingia kwenye safu ya wakubwa. Miezi mitatu baadaye, Mei 31, bawa lilikatika angani na Kapteni Vedania Mannuwal akafa. Oktoba 1952 rubani mwingine, Mjerumani Otto Behrens, akafa katika ndege iliyofuata. Perón alipinduliwa 1955, na Tank akaenda India, ambako mchoro wake mwingine, HF-24 Marut, uliruka 1961 na kuingia jeshini kweli. Pulqui II ziliundwa tano tu. Argentina ikanunua F-86 Sabre za Marekani.

Mimi sikubali hadithi inayopendwa kwamba Pulqui II iliuawa na siasa tu. Siasa ilichangia, lakini injini ilitoka nje, Meteor zilikuwa tayari kambini, na kila ndege ya majaribio ilifinyangwa karibu kwa mkono. Kuunda moja inayoruka ni kazi ya fundi hodari. Kuunda mia zinazofanana ni kazi ya nchi yenye fedha isiyokatika.

Upande wa usafirishaji una kioja chake. Reimar Horten, Mjerumani mwingine, alibuni IA 38, ndege ya mizigo isiyo na mkia, bawa tupu lenye injini nne. Watu waliiita Naranjero, yaani mbeba machungwa, kwa kuwa ilikusudiwa kusafirisha matunda. Iliruka Desemba 1960, injini zikawa dhaifu kwa umbo lake, mradi ukafungwa. Ndege yenye sura ya kawaida, IA 50 Guaraní, ndiyo iliyobeba watu, ikiwa na injini mbili za pangaboi zinazoendeshwa kwa turbini.

IA 58 Pucará, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1969, ndiyo namba iliyofanikiwa kuliko zote za baada ya Calquin. Ziliundwa zaidi ya 100, na Uruguay, Colombia na Sri Lanka nazo zikazitumia. Ni ndege ya kushambulia walio ardhini, yenye uwezo wa kutumia viwanja vibovu. Vita vya 1982 vya visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas, viliipa jina na vikaigharimu: usiku mmoja wa Mei makomando wa Uingereza waliharibu ndege 11 kisiwani Pebble, sita kati ya hizo zikiwa Pucará. Jeshi la anga liliistaafisha 2019.

Utakutana pia na ndege isiyo na IA kabisa: CBA 123 ya 1990, ya abiria. Herufi zake ni za ushirikiano wa Brazil na Argentina, kwa kuwa iliundwa pamoja na Embraer, kampuni ya ndege ya Brazil. Zilitoka mbili za majaribio, bei ikawa ghali mno, mradi ukafa.

Jeti ya mafunzo IA 63 Pampa iliruka 1984. IA 100, nayo ya mafunzo lakini ya pangaboi, iliruka 2016. Usitafute ndege 36 kati ya namba hizo mbili.