Kutosoma shule si kutoelewa dawa

Hapa Uganda, kuanzia Arua hadi Busia, utasikia watu wakisema kwamba mgonjwa asiyesoma haelewi maelezo ya daktari, na aliyesoma anaelewa. Si kweli, na dhana hii inaumiza watu.

Chukua ile bahasha ndogo ya dawa. Juu yake pameandikwa kwa kalamu 2x3. Maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Lakini hata mwalimu anaweza kuisoma kuwa vidonge viwili kwa siku tatu, au akazidisha akapata sita, akavimeza kwa mpigo. Alama hiyo haifundishwi darasani. Ni lugha ya wahudumu wenyewe.

Shule inasaidia, sikatai. Ila nchi hii ina lugha zaidi ya 40, na mzee wa Kilugbara akielezwa kwa Kiingereza huku foleni ndefu ikimsukuma mgongoni, ataitikia "ndiyo" kwa haya tu. Yuko pia mama anayeelewa kila neno, lakini nauli ya kurudi kliniki iko mfukoni mwa mumewe. Huyo naye utasema hajaelimika?

Ndiyo maana wahudumu wa afya wa vijijini huchaguliwa na wanakijiji wenzao: wanajua lugha, na wanajua nyumba. Na mhudumu yeyote anaweza kuuliza kwa upole, "Mama, ukifika nyumbani utaimezaje hii dawa?" Jibu likienda kombo, aeleze upya, kwa maneno mengine.