Kabla ya kumpa kila mdau "chake", ulizeni nani atajaza

Kila tunapotaka kuupeleka mfumo wetu wa kliniki, ule wa kujaza taarifa za wagonjwa kwenye kishikwambi, wilaya nyingine huku kusini mwa Tanzania, iwe Newala, Ruangwa au Liwale, kikaoni hakosekani mtu wa kusema: "Tuhakikishe kila mdau amepata chake." Nimechoka kuitikia kwa kichwa. Maslahi ya wadau hayasawazishwi kwa kugawana vipengele vya fomu.

Mfadhili anataka umri uchambuliwe kwa makundi yake. Halmashauri inataka ripoti ya mwezi. Wizara inataka takwimu zisomane na DHIS2, mfumo wake wa kompyuta wa takwimu za afya, na hapo ina haki kabisa. Kikao kinafungwa, wote wameridhika. Siku ya kliniki, muuguzi wa zahanati anamwandika mama kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za afya), yaani rejesta ya wajawazito, anamjazia kadi, halafu anashika kishikwambi na kuanza upya. Msiniambie kitabu kitaondoka. Kile ni kitabu cha serikali, na shirika letu halina mamlaka ya kukiondoa. Kwa hiyo kila "chake" kinalipwa na muuguzi, kwa dakika ambazo angempima mama presha, na muuguzi mwenyewe kikaoni hakuitwa.

Msimamo wangu ni kwamba anayeongeza swali ataje uamuzi utakaobadilika kwa jibu lake, kisha aonyeshe swali la kuondoa. Akishindwa, swali lisiingie, hata kama ndiye anayelipia seva.

Faragha nayo haijadiliwi kwa kura. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Basi.

Kinachoniudhi zaidi ni ujumbe wa kukumbusha miadi. Wafadhili wanaupenda kwa sababu unahesabika: umetumwa, umefika. Umefika kwa nani? Simu nyingi vijijini ni za nyumba nzima, au ni ya mume, au namba iliyoandikwa ni ya jirani mwenye chaji. Ujumbe unaotaja dawa unaweza kumfichulia mtu siri ambayo mgonjwa hajamwambia mama yake mzazi. Tukiondoa neno "dawa", bado jina la mtumaji linatosha kuutambulisha mradi. Ndiyo maana nasisitiza mama aulizwe kwanza simu ni ya nani na kama anataka kukumbushwa, hata kama idadi ya ujumbe itapungua nusu.

Halafu kuna korosho. Kuanzia Oktoba watu wako mashambani na minadani, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye ana mikorosho yake. Grafu ya robo hiyo ikishuka, asiulizwe kwanza kuhusu uvivu. Malengo yapangwe kwa kalenda ya huku.

Wasiwasi wangu uko kwa mgonjwa mwenyewe. Tunasema anawakilishwa na kamati ya zahanati, lakini binti mwenye mimba anayejificha haketi kwenye kamati hiyo, na sijaona njia ya kumwita bila kumwanika. Na mfadhili tuliyemkatalia akiondoka, seva ikazimwa, huenda huyo huyo muuguzi akapoteza orodha ya wanaopaswa kufuatiliwa. Hilo linaninyima usingizi, na bado ningekataa.

Kikao kijacho cha wilaya nitaomba fomu ijazwe mbele ya wote na muuguzi aliye zamu, saa ikihesabu, kabla bajeti haijafunguliwa.