Glaida inayojirusha yenyewe: mota ya umeme au injini ya petroli?

Glaida ni ndege yenye mabawa marefu membamba, ikishakuwa juu inategemea hewa inayopanda, haihitaji injini. Kazi ni kufika huko juu. Nyingi zinavutwa na winchi, yaani mashine ya ardhini inayovuta kwa kamba, au na ndege nyingine, ila inayojirusha ina injini yake, inaruka nayo, ikipata kimo cha kutosha rubani anaizima na mara nyingi anaikunja nyuma ya kiti chake. Kuna na zile zenye injini ndogo ya kukurudisha uwanjani tu, hizo hazina nguvu ya kunyanyuka ardhini, usizichanganye.

Sasa watu wakibishana umeme au petroli wanakimbilia kelele na moshi, mi naona cha kuangalia kwanza ni kwamba injini hapa inafanya kazi dakika chache tu. Piga hesabu: glaida ya kilo 600 kuipandisha mita 1000 inataka kama kilowati-saa 1.6, na kwa vile propela na ukinzani wa hewa vinakula sehemu yao weka 3 hivi. Kilo moja ya petroli ina karibu kilowati-saa 12, kilo moja ya betri ya lithiamu ina 0.2 na kidogo, na hata kama injini ya petroli inapoteza robo tatu au zaidi kwa joto bado betri imeachwa mbali sana. Kwa ndege ya abiria mjadala ungeishia hapo. Glaida lakini inataka kupanda mara moja tu halafu basi, ndo maana Antares 20E ya Ujerumani, mota yake kilowati 42, inaweza kupanda karibu mita 3000 kwa chaji moja.

Ila kinachonifanya niupende umeme ni kuwasha ukiwa angani lakini umeshashuka chini. Chukua rubani yuko mita 300, hewa imekufa kabisa, haipandi tena, uwanja uko mbali. Mwenye petroli anafungua milango ya pale injini ilipokunjwa, mlingoti, ile nguzo inayobeba propela, unanyanyuka nayo, na hapo hapo ukinzani unaongezeka glaida inaanza kushuka haraka kabla injini haijawaka, na injini yenyewe imekaa masaa kwenye baridi, ikigoma umebaki na mlingoti uko nje na mita zinaisha. Mota ya umeme inazunguka palepale, na zile zenye propela inayokunjika puani hata mlingoti hazina. Bado lazima uwe umeshachagua shamba la kutua, maana umeme nao unakatika.

Petroli inashinda kwenye safari ya kurudi, mamia ya kilomita kwa kupanda na kuteleza, kupanda na kuteleza, na kujaza tanki ni dakika chache, wakati betri inataka masaa kwenye chaja na uzito wake unaubeba hata ikiisha. Kwa hiyo kama unarukia uwanja wenye umeme na huendi mbali sana, chukua umeme bila wasiwasi. Kama unaenda milimani siku nzima, petroli bado.

Na betri iliyodondoka au kugongwa usiirudishe ndani ya glaida kabla haijakaguliwa, hata kama inachaji vizuri, maana moto wa lithiamu ukianza hauzimiki kirahisi.