Kupima mlango wa kizazi si kutolewa kizazi

Kwenye magrupu ya akina mama hapa Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Masasi, unazunguka tena ule ujumbe kwamba ukipimwa saratani ya mlango wa kizazi unatolewa kizazi. Si kweli. Muuguzi huchovya pamba kwenye siki iliyozimuliwa, akapaka mlango wa kizazi, akasubiri kama dakika moja, kisha akatazama kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Basi. Hakuna kisu. Mwombe akuonyeshe vifaa kabla hujapanda kitandani; ni haki yako.

Nadhani mkanganyiko unatokana na waliochelewa: walifika wakitokwa damu, wakapasuliwa kwa sababu ya ugonjwa, si kipimo. Nao ugonjwa huu hukaa miaka bila maumivu, dada zangu. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.