Kiganja hakipimi joto la koili

Juzi tena nimemkuta fundi kaegemeza kiganja kwenye tangi la transfoma. "Iko poa tu, injinia." Ilikuwa saa moja na nusu usiku, kila nyumba inapika na feni zinazunguka. Jamani, hapana.

Ulichogusa ni chuma kinachopakana na mafuta. Koili, yaani nyaya za shaba zilizozungushwa, ziko ndani, zimevishwa karatasi, na ndizo zinazobeba mzigo, yaani umeme ambao watu wanautumia. Mzigo ukiongezeka maradufu, joto linalozalishwa kwenye shaba linakuwa mara nne. Koili hupanda kwa dakika chache, lakini mafuta yote yale huchukua saa kadhaa kuifikia. Ndiyo maana jioni tangi bado lina joto la mchana wakati koili imeshapamba moto. Jina la kituo cha kupozea umeme nalo linapotosha wengi: kinachopozwa pale ni volteji, yaani inashushwa, si joto.

"Basi nitasoma geji ya joto la koili." Isome, ila ujue hakuna kihisi kilichoingia ndani ya koili. Kihisi kinakaa kwenye mfuko ndani ya mafuta, juu ya tangi. Pembeni yake kuna kihita kidogo kinacholishwa na transfoma ya kupimia mkondo, ili kiongeze joto kadiri mzigo unavyopanda. Ni makadirio! Kihita kikirekebishwa vibaya, mshale utadanganya miaka yote. Mimi mwenyewe mshale ukisimama kwenye nyuzi joto 95 za Selsiasi, siwezi kuapa kwamba ndani si 105. Anayepima kweli ni mwenye vihisi vya fiba (vioo vyembamba kama uzi) vilivyofungwa kwenye koili tangu kiwandani, na transfoma nyingi za zamani hazina.

Na tofauti ya nyuzi joto kumi si kitu kidogo. Karatasi ya kawaida huhesabiwa kuzeeka kwa kasi yake ya kawaida joto lake likiwa nyuzi 98. Kila nyuzi 6 zikiongezeka, kasi inakuwa maradufu. Kwa 110, saa mbili za jioni zinakula saa nane za uhai wake. Mafuta unachuja, unabadilisha. Karatasi hairudi. Niliwahi kushika kipande kutoka transfoma iliyofunguliwa, cha kahawia kama jani kavu la mwembe. Nilipokikunja kikakatika vidoleni.

Gesi kwenye mafuta pimeni pia: asetilini ni dalili ya cheche, na monoksidi ya kaboni ikipanda, shuku karatasi.

Ila usiku ukifika kituoni, andika kwanza mzigo, kisha joto la hewa, la mafuta na la koili. Halafu soma ule mshale mwekundu unaobaki pale joto lilipofikia kilele. Uandike kabla hujaurudisha.