Seva au Rika kwa Rika: Mzigo Hubebwa na Nani

Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia yamo ya watumiaji walioarifiwa kwamba wamesambaza faili zenye hakimiliki, nao wakashikilia kwamba walikuwa wakipakua tu. Katika BitTorrent, njia ya kupeana faili moja kwa moja kati ya kompyuta za watumiaji, iliyotoka mwaka 2001, faili hugawanywa vipande vipande, na kipande kikishakufikia, programu kwa kawaida huanza kukipeleka kwa mwingine anayekihitaji, huku anwani ya mtandao unayotumia ikionekana kwa wenzako. Arifa huwa na anwani hiyo, tarehe na saa, ambavyo mtoa huduma ya intaneti huvilinganisha na kumbukumbu zake ili kujua ni laini ya nani; kwa hiyo isomwe yote na ijibiwe ndani ya muda uliotajwa, maana kuipuuza hakuondoi uwezekano wa kudaiwa fidia au kutozwa faini kwa mujibu wa sheria inayohusika.

Dhana nyingine, ambayo tumechoka kuisahihisha, ni kwamba rika kwa rika, yaani kompyuta za watumiaji kuhudumiana moja kwa moja, ni ugunduzi mpya uliokuja kuziua seva, kompyuta za katikati zinazohudumia wengine. ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ilipoanza mwaka 1969, kompyuta zilizounganishwa zilikuwa na hadhi sawa: yoyote iliweza kuhudumia na kuhudumiwa. Seva zilitamalaki baadaye, kompyuta za nyumbani zilipojificha nyuma ya ruta zinazogawana anwani moja, kwa kuwa anwani za mtandao za toleo la nne (IPv4) ni takriban bilioni 4.3 tu, na kifaa kilichojificha hivyo ni vigumu kukipigia hodi kutoka nje.

Sheria nayo husukuma. Napster, huduma ya kubadilishana muziki iliyoanza mwaka 1999, iliziacha faili kwa watumiaji lakini orodha yake ikaiweka kwenye seva zake. Mahakama ilipoibana, palikuwa na mahali pa kubana, na mwaka 2001 huduma ikazimwa. Waliofuata wakaiondoa orodha hiyo katikati.

Skype, huduma ya kupiga simu kupitia intaneti, ilienda kinyume. Tangu mwaka 2003 iliegemea kompyuta za watumiaji wenyewe kama vituo vya kuunganishia wengine, jambo lililoipunguzia gharama, hadi Agosti 2007, kompyuta nyingi zilipojizima na kuwaka tena kwa wakati mmoja baada ya sasisho la Windows, na huduma ikayumba kwa takriban siku mbili. Kufikia mwaka 2012, chini ya Microsoft, vituo hivyo vilikuwa vimehamishiwa kwenye seva za kampuni. Wakati huo watumiaji wengi walikuwa wakihamia kwenye simu, na hakuna anayekubali betri yake iishe kwa kupitisha mazungumzo ya watu asiowajua.